Mtoto Hujifunzaje Kuwa Mwanamume?

Yako maswali ambayo wazazi huyauliza mlangoni pa sakristia kwa sauti ya chini. Mojawapo ni hili: mtoto wetu wa kiume apenda kukaa jikoni, hucheza na dada zake, wenzake wamcheka, je, ataharibika? Baba hutaka kutumia fimbo, mama hutaka Padre amwombee. Sisi twaona yafaa kwanza kusoma, kwa kuwa swali hili lina elimu yake, na elimu hiyo haikutoka Ulaya peke yake. Sehemu yake iliyo nzuri sana ilipatikana papa hapa kwetu, chini ya mlima Rungwe.

Tupambanue kwanza mambo mawili. Kuzaliwa mume au mke ni jambo la mwili, nasi hatulichagui. Kujitambua kuwa mume au mke, na kujua yawapasayo watu wa namna hiyo katika kijiji chao, ni jambo la nafsi, nalo hukua polepole kama lugha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika jamaa, alifundisha kwamba mambo haya mawili yaweza kupambanuliwa, lakini hayawezi kutenganishwa. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameshindana juu ya hilo la pili kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alianza kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1905 na vingine vilivyofuata. Kwa fundisho lake, mtoto wa kiume wa miaka 3 hadi 5 humshikilia mama yake, humwonea baba wivu, humwogopa. Kisha huishinda hofu hiyo kwa kumwiga baba, na hapo ndipo aanzapo kuwa mwanamume. Yamo ya kweli ndani yake. Walakini mwaka 1927 Bronislaw Malinowski alimjibu kwa habari za watu wa visiwa vya Trobriand, ambako mwenye amri juu ya mtoto ni mjomba, wala si baba. Waluguru wetu wa Morogoro, wanaofuata ukoo wa mama, wangaliweza kumwambia Freud neno hilo hilo bila kupanda meli.

Sasa tuje Rungwe. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walikaa kati ya Wanyakyusa na kuandika waliyoyaona. Kitabu cha mama huyo juu ya vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951. Wengi wa vijana wetu hawakijui kabisa kisa hiki cha babu zao. Mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake hata umri wa miaka 10 au 11. Ndipo alipoacha kulala nyumbani, akaenda pamoja na wa rika lake kujenga vibanda vyao mahali pao wenyewe. Waliendelea kulima shamba la baba, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijiji hicho cha watoto kilikua nao, wakaoa humo, wakazeekea humo.

Kwa nini walitengwa hivyo? Wenyeji walimjibu Monica Wilson kwamba ni kwa ajili ya heshima: haifai mvulana aliyeanza kufahamu mambo kulala karibu na wazazi wake usiku. Tena wazee waliokuwa na wake wengi waliwaogopa vijana karibu na wake wadogo. Freud angalifurahi kusikia hayo! Lakini tazameni kwamba Wanyakyusa hawakuuacha uume wa mtoto utokane na vita ya siri moyoni mwake na baba yake. Waliuweka mikononi mwa wenzake, ili wafundishane ukwangala, yaani kukaa pamoja vizuri, kula pamoja na kuzungumza kwa adabu. Mtu alijifunza kuwa mwanamume kwa kuwa mwenzi mwema. Sisi twaona fundisho hilo lina hekima kupita vitabu vingi, ingawa tukubali pia kwamba vijiji hivyo viliwafaa wazee, waliooa wake wengi huku vijana wakingoja.

Mwaka 1966 Mmarekani Lawrence Kohlberg alileta maelezo mengine. Alisema mtoto mwenyewe hufikiri. Wa miaka 3 ajua kusema kwamba yeye ni mvulana. Hata hivyo aweza kudhani kwamba akivaa gauni atageuka msichana. Akifika miaka 6 au 7 huelewa kwamba nguo na kazi haziwezi kumgeuza. Mwaka 1982 Alexander Guiora na wenzake waliwapima watoto wa lugha tatu, wakaona kwamba wanaosema Kiebrania, lugha ambayo hata tendo hubadilika kwa mume na mke, hujitambua mapema kuliko wanaosema Kifini, kisicho na alama hizo. Kiswahili, Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe vimo upande wa Kifini: yeye ni yeye, awe mume au mke. Mtoto wetu basi hafundishwi jambo hili na sarufi. Hufundishwa zaidi na kazi: nani atumwe maji, nani apewe jembe.

Na kazi zenyewe hazifanani. Kwa Wanyakyusa kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na wavulana, na mahali pengine pengi katika Afrika jembe ni la mwanamke. Mwaka 1973 Carol Ember alichapa habari za wavulana wa Kijaluo huko Nyanza ya Kusini, Kenya, ambao walipewa kazi za wasichana kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa umri ufaao. Wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba walionekana kuwa wapole kidogo na wepesi wa kusaidia kuliko wenzao. Ember hakusema kwamba waliacha kuwa wavulana. Baba mwenye fimbo na asome hapo mara mbili. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwasha moto wa makaa ufukoni akawaandalia mitume samaki.

Wako pia waliodhani kwamba malezi yaweza yote. John Money wa Baltimore alishauri mtoto mmoja wa Canada, David Reimer, aliyezaliwa mume mwaka 1965 na kuharibiwa viungo katika tohara, alelewe kama msichana. Habari ilisifiwa duniani kote kuwa imefaulu. Kumbe mtoto aliikataa hali hiyo, na alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 alirudi kuishi kama mvulana. Akajiua mwaka 2004. Mwili nao husema.

Twawaambia wazazi, basi: msimpige mtoto huyo, wala msimpe jina la kumdhihaki. Aliyezaliwa na viungo visivyo wazi apelekwe hospitali, asifichwe kama laana. Na kijana anayesumbuka kweli juu ya jinsia yake asikilizwe kwanza. Hati ya Vatikano ya mwaka 2019 juu ya elimu na jinsia iliweka kusikiliza mbele ya hoja na mapendekezo.

Limebaki neno la malazi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia mabweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, yaani karibu umri ule ule wa mvulana wa Rungwe kuhama kwa baba. Lakini yule alirudi kila siku kula kwa mama na kulima na baba. Wa bwenini hurudi likizoni. Na jioni nyingi mwalimu wake wa uume ni simu ya mwenzake. Wazazi wenye watoto bwenini na waulize, kabla ya kulipa ada ya muhula ujao, ni mtu mzima gani akaaye na watoto hao baada ya chakula cha usiku.