Chati Mbili za Hisa Moja: Ipi Inasema Kweli?

Hapa Mau Narok tunajua kupima gunia la viazi na kukisia bei ya ng'ombe. Lakini chati ya hisa bado hutuchanganya, na juzi karibu ivunje familia moja. Marehemu baba yao alinunua hisa za Safaricom sokoni mwaka 2012. Kijana mkubwa alikuwa na risiti. Mdogo wake akafungua chati kwa simu, akaona bei ya siku ile ni ndogo kuliko ya risiti. Akasema kaka yake amewaibia. Kumbe hakuna aliyedanganya.

Tuanze na ng'ombe. Akiuzwa pamoja na ndama, bei ni ya wawili. Ndama akiondolewa, bei ya mama hushuka, lakini mwenye boma hajapoteza kitu. Ndama yuko zizini. Mgao wa faida ndio ndama wa hisa. Tuseme hisa ni shilingi 20 na mgao ni shilingi 1. Ikifika siku ambayo mnunuzi mpya hapati tena mgao huo, bei huelekea kushuka hadi karibu 19.

Chati ya bei halisi huonyesha mshuko huo kama ulivyotokea. Chati ya bei iliyorekebishwa huufuta: bei zote za nyuma huzidishwa kwa 0.95, yaani 19 gawanya kwa 20. Iliyokuwa 10 sasa husomeka 9.50. Na kila mgao mpya ukija, bei za zamani hupunguzwa tena. Kwa mwaka ulioisha Machi 2024, Safaricom ilitoa shilingi 1.20 kwa kila hisa: kwanza 0.55, halafu 0.65. Ndiyo maana bei ya 2012 huzidi kuwa ndogo katika chati hiyo.

Basi tutumie ipi? Kujua mzee alilipa pesa ngapi, tusome risiti au bei halisi. Kujua hisa imezaa kiasi gani kwa miaka hiyo yote, tusome iliyorekebishwa. Lakini tuangalie: chati hii huhesabu kana kwamba kila mgao ulinunua hisa zaidi. Haijui kodi ya asilimia 5 inayokatwa, wala mgao uliolala bila kudaiwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Mgao wa hisa zetu huingia akaunti gani?
2. Tukifa leo, nani nyumbani anajua risiti ziko wapi?