Darsa la Ramadhani, Siku ya 13: Umepungua, Sasa Ubaki Hapo



Ndugu zangu katika imani, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya kumi na tatu. Nusu ya mwezi hiyo inakaribia. Darsa la leo ni la tumbo. Msicheke, maana kila mwaka tukifika katikati ya mwezi hunijia maswali mawili, na mara nyingi muulizaji ni mtu mmoja. La kwanza: "Ustadh, nimehangaika mwaka mzima mpaka nikapunguza kilo nyingi, na sasa Ramadhani inazirudisha. Nifanye nini?" La pili: "Ustadh, tumbo linanisumbua, nikifunga linaungua, lakini naona haya kula mchana wakati wenzangu wamefunga."

Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja. Mimi si daktari. Nitasema ya dini, na katika afya nitasema yale yanayojulikana kwa wataalamu. Vipimo na dawa ni kazi ya hospitali.

*1. Kupungua ni jambo moja, kudumu ni jambo lingine*

Mtu aliyepunguza kilo ishirini au thelathini tunampongeza siku moja, kisha tunamsahau. Sisi tunaona kazi imekwisha, kumbe kwake ndiyo kwanza imeanza. Mwili uliopungua hauna raha mpaka urudi ulikotoka. Unatumia chakula kidogo kuliko zamani, na homoni zinazoleta njaa zinapanda. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watu waliopungua uzito, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Waliona kwamba hata baada ya mwaka mzima, homoni za njaa za watu wale zilikuwa hazijarudi kwenye hali yake ya mwanzo. Maana yake, ndugu yangu, ukisikia njaa kuliko jirani yako usijione mlafi au dhaifu wa imani. Hiyo ni hali ya mwili wako, na wewe uko kwenye mapambano ambayo jirani hayaoni.

Sasa mapambano ya kila siku yanashindwa kwa silaha gani? Dini imeshatufundisha. Mtume wetu (s.a.w.) ametueleza kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata kama ni ndogo. Hadithi hii imepokewa na Mama Aisha (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tunaitumia kwa swala za sunna na sadaka, na ni sawa. Lakini hebu itumie na kwenye sahani yako. Usijipangie makubwa, eti mwezi huu sigusi wanga kabisa. Siku tatu utaweza, ya nne utakula kwa hasira. Chagua kidogo utakachoweza kukifanya usiku wa leo, wa kesho, na hata Shawwal ikishaingia.

*2. Kilo zinarudi usiku*

Watu wanashangaa, "Nafunga kutwa, nanenepaje?" Fanyeni hesabu pamoja nami. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kama kalori 120. Sambusa, bajia na kachori hunywa mafuta zikiwa kwenye karai, na mihogo ya futari imelala ndani ya tui zito. Tuseme kila usiku unazidisha kalori 300 tu juu ya mahitaji yako, yaani kama vijiko viwili na nusu vya mafuta. Kwa siku thelathini ni kalori 9,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa kama kalori 7,700. Basi mpaka sikukuu umeongeza zaidi ya kilo moja, na hatujahesabu kalimati wala juisi ya sukari. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni kiuno.

Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa, kisha akatukataza israfu. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alifundisha kwamba mwanadamu anatosheka na matonge machache ya kumsimamisha mgongo, na kama hana budi kuzidisha, basi agawe tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Sisi fungu la pumzi tunalijaza mihogo.

Fuateni utaratibu huu. Hauna gharama.

Adhana ikitoka, fungua kwa tende na maji. Usianze na sambusa. Kisha *nenda kaswali Magharibi*. Sunna hii ina hekima, kwa sababu shibe haifiki kichwani papo hapo. Inachukua kama dakika ishirini hivi. Ukirudi kutoka swalani utakula kwa utulivu kuliko yule aliyevamia sinia.

Katika sahani anza na mboga, na samaki au maharage au kunde. Halafu chagua wanga mmoja. Kama ni magimbi, yawe magimbi. Siyo magimbi na tambi na chapati na ndizi katika mlo mmoja. Kama kuna cha kukaanga, chukua kimoja na uridhike. Hakuna aliyekuharamishia sambusa. Tunachokataza ni kuila kama karanga.

Na tarawehe usiache. Swala haikuwekwa kwa ajili ya uzito, na nia iwe ya Allah peke yake. Lakini kusimama, kurukuu na kusujudu baada ya mlo ni bora kuliko kujilaza kwenye kochi na sahani kifuani.

*3. Tumbo lenye matatizo*

Kwa wenye *kiungulia*: adui yenu ni kulala na tumbo limejaa. Asidi hupanda kooni mtu akijilaza. Wataalamu wanashauri yapite masaa mawili mpaka matatu kati ya kula na kulala. Kwa hiyo mlo wa usiku wa manane mkuu sana haukufai. Kwenye daku, kula kiasi, swali Alfajiri, kisha kaa usome Qur'an mpaka jua lichomoze. Umepata thawabu na kifua kimepoa. Kama ni lazima ulale, inua kitanda upande wa kichwani, hata kwa tofali chini ya miguu yake. Punguza pilipili, vya kukaanga, kahawa na chai kali.

Kwa wanaopata *choo kigumu*: mwezi huu tunakunywa maji machache, na vyakula vya unga mweupe vinazidisha tatizo. Sambaza maji yako kuanzia Magharibi mpaka daku, glasi moja moja, usiyamimine yote dakika ya mwisho. Ugali wa dona, maharage, mboga za majani, papai na tende vina nyuzinyuzi zinazosaidia. Hivyo hivyo ndivyo vinavyoshibisha muda mrefu bila kurudisha kilo. Kama maharage yanakujaza gesi, yaloweke usiku, umwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya, na uanze na kidogo.

*Daku usiiache.* Wapo wanaoiacha ili wapungue. Mtume (s.a.w.) amesema ndani yake mna baraka, na sunna ni kuichelewesha. Mwenye kuiacha hufika Magharibi na njaa ya siku nzima, na njaa hiyo ndiyo inayovunja mipango yote.

Kwa wenye *vidonda vya tumbo*: msidanganyike kwamba vinaletwa na pilipili au mawazo tu. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kazi yake, naye anapimika na anatibika. Ya pili ni dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirin, hizi tunazonunua duka la dawa kila mgongo ukiuma. Mwenye vidonda anayemeza diclofenac kwenye daku anajichimbia shimo mwenyewe. Na kama umepewa dawa ya kupunguza asidi kama omeprazole, nyingi katika hizo hufanya kazi vizuri zikinywewa kama nusu saa kabla ya kula. Muulize daktari akupangie saa za Ramadhani kabla hujajipangia.

Jambo moja kwa waliopungua *haraka*. Kupungua kwa kasi huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya mlo wa mafuta, usiyaite vidonda vya tumbo ukanyamaza. Nenda ukapimwe.

*4. Ruhusa ya Mola wako usiionee haya*

Katika Surat Al-Baqara, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, kisha alipe siku nyingine, na akatueleza kuwa anatutakia wepesi. Ikiwa daktari mwaminifu amekuambia kufunga kutazidisha ugonjwa au kuchelewesha kupona, kula, na utalipa ukipona. Ugonjwa ukiwa ni wa kudumu usiotarajiwa kupona, toa fidya, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Na ukihofia kupoteza maisha, hapo wanazuoni wetu wanasema kula si hiari tena. Ni wajibu. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdullah bin Amr, sahaba aliyezidisha kufunga, kuwa mwili wake una haki juu yake. Kujidhuru hakuzidishi ucha Mungu.

Kwa hiyo ukiona choo cheusi kama lami, au unatapika damu, au maumivu ya ghafla yasiyovumilika, au chakula kinakwama ukimeza, au *unapungua bila wewe kukusudia*, usisubiri Magharibi. Fungua, nenda hospitali. Saumu inalipika. Uhai haulipiki.

*5. Sisi tusioumwa*

Sasa nawageukia wengine. Tuna tabia mbili zinazowarudisha wenzetu nyuma. Ya kwanza ni kulazimisha. "Kula bwana, sambusa moja haiui! Umedharau chakula changu?" Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kutia kasoro chakula. Akikipenda anakula, asipokipenda anakiacha. Basi mgeni naye aache bila kukisema vibaya, na mwenyeji amwache bila kununa. Thawabu ya kufuturisha unaipata hata kwa tende na maji.

Ya pili ni mbaya zaidi. Mtu akipungua tu, mtaani wameshampa ugonjwa. "Umemwona fulani alivyokonda? Lazima ana kitu." Kuna watu wanakula ili wanenepe tena, wafunge midomo ya majirani. Hebu fikiri, umefunga chakula halali tangu alfajiri, halafu unakula nyama ya ndugu yako kwa kumsengenya. Kama kweli una wasiwasi naye, mfuate faragha, umuulize hali, umsindikize hospitali. Huo ndio udugu.

Mama zetu na dada zetu, sinia la nyumbani liko mikononi mwenu. Kupunguza tui na kuoka badala ya kukaanga siku tatu kwa wiki ni sadaka kwa mgonjwa wa nyumba hiyo. Na akina baba, msilalamike mkiona futari imebadilika. Ingieni jikoni mkasaidie.

*Kazi ya leo*

Kabla ya Magharibi, jiulize maswali matatu:
1. Kitu kimoja kidogo nitakachopunguza usiku wa leo, na nitaweza kukiendeleza baada ya Idi, ni kipi?
2. Je, kuna maumivu ninayoyaficha ambayo yanahitaji daktari?
3. Nani nilimsema kwa mwili wake? Nimwombe radhi leo.

Na ukizidisha usiku mmoja, usiseme mwezi umeharibika. Daku inakuja, anza hapo hapo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, watie nguvu wanaopambana na nafsi zao kimya kimya, na utujaalie kudumu katika kheri hata kama ni ndogo. Aamin.

Mfikishie ndugu yako darsa hili. Kesho inshaallah tutazungumzia zaka ya mali.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.