Kumfahamu Adui katika Destiny 2: Tazama Anachokula

Aghalabu wanaonijia kutaka shauri juu ya Destiny 2 huniuliza bunduki ipi ni kali, na ni wachache mno wanaouliza Savathûn, malkia wa hila aliye adui mkuu, alikuwa akitaka nini, ilhali kampeni ya The Witch Queen, iliyotolewa na Bungie Februari 2022, haina ladha kwa asiyelijua jambo hilo. Lililonifanya nishike kalamu ni mabishano yangu na binamu zangu wawili, tuliocheza pamoja kampeni hiyo katika daraja ya Legendary, mabishano ambayo niliyashinda na ambayo hadi leo nayafurahia. Basi nitaeleza njia niliyoifuata, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kujua kilichomo kabla ya kutoa fedha. Mwenye duka mmoja aliniuzia diski kuukuu, akiniapia kwamba vita vya Ghaul, yule jemadari wa Cabal aliyeuteka Mji wa Mwisho katika hikaya ya 2017, vimo vyote; kumbe kampeni ile iliondolewa mchezoni Novemba 2020, pamoja na viwanja vya Mirihi, Utaridi, Io na Titan, wala hakuna diski iwezayo kuirudisha. Nilipomwendea alinijibu kwa jeuri kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairejeshwi. Muuzaji asiyeijua bidhaa yake hastahili hata senti ya mtu. Nunueni katika duka la mtandaoni la mashine yenu wenyewe. Mambo ya silaha, na ya kuponda Ghost za maadui kabla hazijawafufua, mtayazoea upesi.

Hatua ya pili ndiyo iliyonigharimu muda mwingi kuigundua: mtazame kila adui mkubwa anakula nini. Katika Books of Sorrow, alizoziandika Seth Dickinson kwa ajili ya nyongeza ya The Taken King ya 2015, na ambazo zama zile zilifunguliwa kwa kuokota vipande 50 vilivyofichwa ndani ya merikebu ya Oryx, wanasimuliwa mabinti watatu wa mfalme katika sayari ya Fundament, yenye miezi 52, waliokubali kutiwa minyoo miilini mwao ili wapate uhai usiokoma, kwa sharti kwamba kila mmoja amlishe mnyoo wake kwa tabia yake, na atakayeacha kulisha ataliwa yeye. Aurash, aliyekuja kuitwa Oryx, alilisha kwa kuchunguza. Xi Ro, ndiye Xivu Arath, kwa vita. Na Sathona, ndiye Savathûn, kwa hila. Nikaweka daftari, nikawa naandika upande mmoja neno alilolisema adui, na upande wa pili shibe aliyoipata kwa kulisema, na mara nikaona kwamba maneno ya Savathûn ya miaka yote, hata yale aliyoyanena akiwa amejigeuza Osiris, mmoja wa watu wa upande wetu, mnamo 2021, yalikuwa chakula.

Hapo ndipo tulipohitilafiana. Binamu yangu mkubwa alishikilia, tangu mlango wa kwanza wa kampeni, kwamba Nuru (nguvu ile ile inayotufufua sisi wachezaji) aliyokuwa nayo Savathûn ameiiba, kwa kuwa ni mwongo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mnyoo wake umekwisha kutolewa, atasema uongo ashibishe nini?" Akanicheka. Nikamwonyesha daftarini swali nililoliandika zamani, kwamba mnyoo uliokufa wa baba yake Sathona ulinong'ona kwa manufaa ya nani ulipomwonya juu ya gharika itakayoifunika Fundament, onyo lililowapeleka mabinti wale kwenye minyoo; naye akasema ninatafuta maana pasipo na maana. Kampeni ikaendelea, ikadhihirika kwamba Traveler, chanzo cha Nuru yenyewe, ndiye aliyempa kwa ikhtiari yake, na mwishoni kwamba onyo lile la gharika lilikuwa uongo uliotungwa na Witness, adui aliyejificha nyuma ya yote, na kwamba yule malkia wa hila alighilibiwa tangu utotoni mwake, na watu wake wote wakaua walimwengu wengi kwa sababu hiyo. Binamu yangu alinyamaza, kisha akaniomba daftari.

Nilikusudia kueleza pia utaratibu wa kusoma vitabu vya kampeni za Forsaken na Shadowkeep, lakini hivyo vinaweza kungoja. Anayeanza leo na azisome Books of Sorrow kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo aingie The Witch Queen na wenzake wawili. Katika kampeni zote za mchezo huu sijaona iliyotungwa kwa ustadi kuishinda hiyo.