Chuo cha Filamu, Kazi na Deni: Amueni Wawili



Katika somo letu la leo tungependa kuzungumza juu ya jambo linaloingia katika nyumba nyingi: mmoja wenu anataka kurudi masomoni, huku kazi ikimngoja, watoto wakidai karo yao, na deni la zamani bado halijaisha. Tumechagua masomo ya filamu kwa kuwa yanavutia watu wengi, yana gharama kubwa, na mapato yake hayaji kwa tarehe maalum kama mshahara.

Tuseme mume ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na kila Jumamosi hupiga video za harusi na mazishi. Mke ni mwalimu, na mshahara wake unakatwa kila mwezi kulipa mkopo wa Sacco walionunulia ploti. Jioni moja mume anasema, “Mama watoto, nimechoka kupiga harusi za watu. Nataka nisomee filamu.” Mke anauliza, “Na karo itatoka wapi, Baba watoto?”

Hapo ndipo wengi hukwama. Mume anaona ndoto yake imedharauliwa, mke anaona mzigo mwingine unatua mabegani mwake. Wote wawili wananyamaza. Baada ya miezi miwili mume anakopa kwa siri kupitia simu ili alipe ada ya kujiandikisha. Sasa nyumba ina shida mbili: deni, na uongo.

1. Jueni kwanza anatafuta nini

Filamu si kazi moja. Kuna mwandishi wa skripti, mtayarishaji, mwongozaji, mpiga kamera, fundi wa sauti, fundi wa taa na mhariri. Kila kazi ina mafunzo yake. Anayepiga harusi tayari anajua kushika kamera. Huenda anachokosa ni sauti na uhariri, mambo ambayo yaweza kufundishwa kwa kozi ya miezi michache. Lakini kama nia yake ni kufundisha, au kuajiriwa mahali panapodai vyeti, atahitaji stashahada au digrii, na hiyo ni safari ya miaka.

Basi mwulize mwenzako kwa upole: “Ukimaliza, ungependa kuamka asubuhi ukafanye kazi gani?” Akiweza kujibu, mmekwisha kupunguza orodha ya vyuo kwa nusu.

2. Njia ziko nyingi

Msidhani kuna mlango mmoja tu. Anne Mungai alisomea katika KIMC, chuo cha serikali cha mawasiliano kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1961, na mwaka 1992 akaongoza filamu ya Saikati. Judy Kibinge alifanya kazi ya matangazo ya biashara kwa miaka kadhaa kabla ya kuongoza Dangerous Affair, iliyotoka mwaka 2002. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, ilitokana na warsha za One Fine Day Films, ambamo Wakenya walifunzwa kazi na wataalamu waliokwisha bobea. Mwaka 2018 kampuni ya MultiChoice nayo ilifungua Nairobi mafunzo ya mwaka mmoja, ambapo vijana waliochaguliwa kutoka nchi kadhaa za eneo hili walisoma bila kulipa karo. Vyuo vikuu pia, kama Kenyatta, hufundisha filamu.

Mnaona basi: chuo cha serikali, chuo kikuu, warsha fupi, nafasi za ufadhili, na kujifunza ukiwa kazini. Zingatieni hasa kwamba baadhi ya njia hizi hazikumtaka mtu aache mshahara wake kwanza.

3. Hesabu ya deni ifanywe mezani

Leteni mezani hati za mshahara, kitabu cha Sacco na simu zote mbili. Kila mmoja ataje madeni yake yote, pamoja na yale ya simu na yale ya rafiki. Kama mmoja wenu aliwahi kukopeshwa na HELB zamani na hajamaliza kulipa, aseme sasa. Msifokeane. Andikeni tu.

Kisha tazameni mambo matatu.

La kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Mwenye mshahara wa sh. 60,000 hawezi kukatwa zaidi ya sh. 40,000, kodi ya serikali ikiwemo. Lakini kumbukeni kwamba sheria hiyo haijui kodi yenu ya nyumba wala maziwa ya mtoto. Kipimo chenu wenyewe kiwe cha chini zaidi.

La pili, ulizeni riba inahesabiwaje. Mkikopa sh. 200,000 kwa miaka miwili, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwa salio linalopungua, mtalipa karibu sh. 9,415 kila mwezi, na riba yote itakuwa karibu sh. 26,000. Mkopo huo huo, kwa asilimia hiyo hiyo, ukihesabiwa kwa kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, mtalipa sh. 10,333 kwa mwezi, na riba itakuwa sh. 48,000. Tofauti ni sh. 22,000, na wengi hutia sahihi bila kuuliza.

La tatu, nyumba mnamoishi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Mwenzako akikuletea karatasi utie sahihi, soma yote, na omba muda wa kufikiri. Kwa maoni yetu, hatimiliki ya nyumba isiwekwe rehani kwa ajili ya karo ya filamu. Malipo ya filamu huchelewa, na mkopeshaji hachelewi.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Jiulizeni hivi: asipopata hata shilingi moja ya filamu kwa mwaka mzima baada ya kumaliza, je, tutaweza kulipa na watoto wakaendelea na shule? Jibu likiwa hapana, chuo hicho si chenu kwa sasa, hata kama kina sifa kubwa. Tafuteni kingine cha gharama ndogo, au mngoje deni la ploti liishe.

4. Maswali ya kukipeleka chuoni

Nendeni wote wawili, msimtume mmoja. Ulizeni:

Je, chuo kimesajiliwa? Vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA, na vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ombeni namba ya usajili, kisha mthibitishe wenyewe.

Karo yote ni kiasi gani mpaka siku ya kuhitimu? Ada ya mtihani, vifaa, na hasa filamu ya mwisho, vimo? Filamu hiyo ina nauli, chakula cha waigizaji na vifaa vya kuhifadhia picha. Wengi hukwama hapo muhula wa mwisho.

Wanafunzi wangapi hutumia kamera moja? Chuo chenye majengo mazuri na kamera mbili kwa watu arobaini kitawapa nadharia tu.

Kuna masomo ya jioni au ya mwisho wa juma? Karo hulipwa kwa awamu?

Mwisho, tafuteni watu wawili au watatu waliohitimu miaka miwili iliyopita. Waulizeni, “Leo unalipwa na nani, kwa kazi gani?” Jibu lao lina uzito kuliko kipeperushi cha rangi.

5. Kazi, usiku na nyumba

Asiache kazi kabla karo ya mwaka wa kwanza haijapatikana na akiba ya matumizi ya miezi mitatu haijawekwa. Harusi za Jumamosi ziendelee. Hizo ndizo zitakazolipa muhula.

Upigaji wa filamu huvuka usiku wa manane, na mara nyingi mwanafunzi huwa na wanaume kwa wanawake kazini. Mwenzi anayebaki nyumbani ana haki ya kujua uko wapi, pamoja na nani, na utarudi saa ngapi. Kupiga simu saa tatu usiku hakumpunguzii mtu heshima. Wekeni pia siku moja ya juma ambayo ni ya familia, isiyoguswa na kamera.

Na wewe unayebaki, usiitaje karo kila mnapogombana. Mlikubaliana wawili, sadaka inayotajwa kila siku hugeuka kuwa deni jingine.

Kubalianeni mapema pia juu ya kusimama. Kwa mfano: tukikosa marejesho ya mkopo miezi miwili mfululizo, ataahirisha muhula. Kuahirisha si kushindwa. Andikeni makubaliano hayo, mtie sahihi, myahifadhi pamoja na vyeti vya watoto.

Uaminifu mlioahidiana mbele ya altare unafika hata kwenye hati ya mshahara na kwenye simu iliyo mfukoni.

Ya kuzungumza nyumbani, watoto wakiisha kulala:

a) Ni deni gani ambalo mwenzangu bado halijui?
b) Ni ndoto gani aliyonayo ambayo sijawahi kuisikiliza mpaka mwisho?
c) Kila mwezi tunaweza kuweka kando kiasi gani kwa masomo, bila kukopa?
d) Tukianza mwezi ujao na kiasi hicho, karo ya mwaka wa kwanza itatimia lini?