Kutoka Kigali hadi Barafu ya Rwenzori: Mwongozo kwa Vikundi

Rwanda haina barafu ya kudumu. Karisimbi, mlima wetu mrefu kuliko yote, huamka mweupe asubuhi nyingine, lakini jua likipanda weupe ule huyeyuka. Kikundi cha Kigali kinachotaka kupiga kambi karibu na barafu yenyewe kitazame Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na kisikawie sana. Mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipofika kilele cha Margherita chenye mita 5,109, barafu ilikuwa bado juu ya milima sita ya safu hiyo. Leo yamebaki mabaki, hasa juu ya mlima Stanley, nayo yanazidi kupungua.

Zamani treni ilifika Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo. Reli ilijengwa hadi hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini siku hizi haibebi abiria. Ninyi mtapita Gatuna, Kabale na Ishaka, na safari hiyo itakula siku nzima. Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkononi. Dereva akumbuke kwamba ng'ambo magari hupita kushoto, na saa ya Uganda iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Nendeni Desemba mwishoni hadi Februari, au Juni hadi Agosti. Hata miezi hiyo mvua hunyesha, na bonde la Bujuku ni kinamasi cha kuzamisha mguu hadi gotini. Gambuti ni lazima. Nguo za kulalia zifungwe kwenye mifuko imara isiyopitisha maji, si ya nailoni, kwani hiyo hairuhusiwi kuingia Rwanda mnaporudi. Meno ya chuma ya kufunga viatuni, kamba na shoka la barafu ulizieni kwa kampuni ya waongozaji mapema. Hifadhi hairuhusu kupanda bila mwongozaji, na wapagazi wengi ni Wakonzo wanaoijua milima hiyo tangu utotoni. Kubalianeni nao uzito wa mizigo kabla ya kuondoka.

Jambo moja nalisisitiza: imbabura, yaani jiko la mkaa, isiingie hemani wala kibandani, hata baridi ikiwa kali kiasi gani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa usingizini.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni mwinuko. Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi. Kibanda cha Elena, cha mwisho kabla ya barafu, kiko juu ya mita 4,500. Ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pumzikeni. Njia ya kawaida kutoka Nyakalengija huchukua wiki nzima. Anayewaahidi siku chache mno mkataeni. Ni vyema kikundi kijipime kwanza kwenye Karisimbi, ambako hulala usiku mmoja njiani kabla ya kufika mita 4,507.

Kichwa kikiuma, chakula kikikataa au kizunguzungu kikianza, mtu asipande tena mpaka apate nafuu, asipoipata, ashuke. Akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akipepesuka au akianza kusema ovyo, ashushwe mara moja, usiku huohuo, asisubiri kupambazuke. Katika kikundi watu huficha maumivu kwa kuogopa kuwarudisha wenzao. Kwa hiyo amueni mkiwa bado Kigali, kabla ya yeyote kulipa, nani atashuka na mgonjwa pamoja na mwongozaji mmoja, na ulizeni kampuni kama italeta waongozaji wa kutosha ili waliobaki wasiachwe peke yao.