Shule ya Mtakatifu Augustino: Wavulana Waliofungua Milango

Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, iko shule ya wavulana iitwayo Shule ya Mtakatifu Augustino. Si shule ya serikali, bali ni ya Kanisa Katoliki, na kazi yake ni kuwatayarisha vijana waingie chuo kikuu. Ilifunguliwa mwaka 1951, wakati ambapo kijana Mweusi wa nchi hiyo alifungiwa milango mingi. Habari zake zafaa kujulikana na kila mzazi auzaye ng'ombe au kahawa ili alipe karo, na kila kijana ajiulizaye kama taabu ya masomo ina faida.

JINA NA ASILI YAKE

Mtakatifu Augustino mwenyewe alikuwa mtu wa Afrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao siku hizi umo katika nchi ya Algeria. Alikuwa askofu wa mji wa Hippo, na vitabu vyake vyasomwa hata leo duniani kote. Kwa hiyo wavulana Weusi wa New Orleans walipopewa jina hili, walikumbushwa kwamba bara la wazee wao lilikuwa na wanachuoni tangu zamani.

Mapadre waliopewa kazi ya kuiongoza shule ni wa shirika la Mtakatifu Yosefu. Shirika hili lina undugu na Afrika Mashariki. Mwaka 1866 Padre Herbert Vaughan alianzisha chuo cha wamisionari huko Mill Hill, London. Mwaka 1871 mapadre wake wa kwanza walitumwa Baltimore, Marekani, kuwahudumia watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani, kwa maana utumwa ulikomeshwa katika nchi hiyo mwaka 1865. Mwaka 1893 mapadre wa Marekani walijitenga wakawa shirika lao wenyewe. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Padre Charles Uncles, mtu Mweusi. Wenzao wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895, na baadaye wakaingia magharibi mwa Kenya. Shule ya Mtakatifu Maria ya Yala, ambayo Wakenya wengi waijua, ni kazi ya mikono yao. Basi shule ya New Orleans na ile ya Yala ni kama watoto wa ndugu wawili.

WAKATI WA KUTENGWA

Ili kuelewa kazi ya shule hii yafaa kujua hali ya nchi wakati ule. Mwaka 1892, katika mji huo huo wa New Orleans, mtu aitwaye Homer Plessy aliingia katika gari la treni lililowekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, akakamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 mahakama hiyo ikasema kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kinyume cha sheria, mradi kila upande upate mahali palipo sawa. Lakini usawa huo haukuonekana. Shule za watoto Weusi zilipewa fedha kidogo, vitabu vilivyochakaa na madarasa yaliyojaa kupita kiasi.

Hata kanisani watu walitengwa. New Orleans ulikuwa mji wa Wafaransa na Wahispania kabla ya kuwa wa Marekani mwaka 1803, na kwa sababu hiyo una Wakatoliki wengi, Weusi kwa Weupe. Hata hivyo Mkatoliki Mweusi alikaa viti vya nyuma, na mwanawe hakupokewa katika shule za Kikatoliki za Wazungu. Askofu Mkuu Joseph Rummel aliliona jambo hili kuwa dhambi. Mwaka 1953 aliandika barua isomwe makanisani, akaagiza kwamba utengano ukome katika nyumba za ibada. Watu wengi walimpinga. Mwaka 1962 aliamuru shule zote za Kikatoliki za jimbo lake zipokee watoto wa rangi zote, na watu watatu walioongoza upinzani aliwatenga na Kanisa.

Hivyo, Shule ya Mtakatifu Augustino ilipofungua milango mwaka 1951, miaka 11 ilikuwa bado kabla ya amri hiyo. Ilijengwa kwa ajili ya wavulana waliokataliwa kwingine.

MASOMO YA KUTAYARISHA

Katika Marekani shule ya sekondari huwa ya miaka minne, nayo huishia darasa la 12. Shule nyingine huwafundisha vijana kazi za mikono ili wapate ajira upesi. Shule ya kutayarisha watu kwa chuo kikuu huenda njia nyingine. Mwanafunzi husoma Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, lugha za kigeni na dini. Hufundishwa kuandika hoja zake kwa utaratibu, na hupimwa kwa mitihani ambayo vyuo vikuu huitazama kabla ya kumpokea.

Katika miaka ya 1950 walikuwapo watu waliosema kwamba kijana Mweusi yamtosha ujuzi wa kazi za mikono. Waalimu wa shule hii hawakubishana nao kwa maneno. Waliwafundisha vijana masomo yale yale waliyosoma wana wa Wazungu, wakadai kazi ile ile kutoka kwao. Mvulana aliyechelewa aliulizwa sababu, na aliyeacha kazi ya nyumbani hakuachwa vivi hivi. Aliyefaulu aliweza kuendelea katika mji huo huo, kwa maana Chuo Kikuu cha Xavier, kilichoanzishwa na Mtakatifu Katharine Drexel, kilikuwa kimekwisha kuanza masomo ya juu mwaka 1925 kwa ajili ya watu Weusi.

Kwa kuwa ni shule isiyo ya serikali, wazazi walilipa karo. Wengi wao hawakuwa matajiri. Mzazi aliyekubali mzigo huo alijua kwamba anamnunulia mwanawe kitu kisichoweza kuibwa.

BENDI NJIANI, MWAKA 1967

Shule hii yajulikana pia kwa bendi yake, iliyoanzishwa na mwalimu Edwin Hampton mwaka 1952. Aliiongoza kwa zaidi ya miaka 50. Bendi yaitwa "Mia Waendao", na mavazi yake ni ya rangi ya zambarau na dhahabu.

Kila mwaka, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, New Orleans hufanya sikukuu kubwa yenye maandamano njiani. Katika maandamano ya vyama vikubwa vya Wazungu, kazi ya mtu Mweusi ilikuwa kubeba mienge usiku. Mwaka 1967 chama kiitwacho Rex kiliialika bendi ya Mtakatifu Augustino ipite pamoja nao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi ya watu Weusi kupita katika maandamano hayo.

Watazamaji wengine walikasirika. Wavulana walitukanwa, wakatemewa mate, wakatupiwa vitu. Mwalimu Hampton alikuwa amewafundisha wasijibu. Wakatazama mbele, wakapiga tarumbeta na ngoma zao, wakatembea kwa mstari mpaka mwisho. Kama mmoja wao angalirudisha jiwe, maadui zao wangalipata sababu ya kusema kwamba wavulana hao hawafai. Hawakuipata. Miaka 20 baadaye, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika New Orleans mwaka 1987, bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa waliompigia muziki.

MICHEZO NA SHERIA

Mwaka huo huo wa 1967 shule ilishinda jambo jingine, na safari hii mahakamani. Timu zake hazikuruhusiwa kushindana na shule za Wazungu, kwa maana chama cha michezo cha shule za sekondari cha Louisiana kilikuwa kimeikataa kuwa mwanachama. Shule haikufanya fujo. Ilipeleka mashtaka. Chama kilijitetea kwamba si idara ya serikali. Jaji alijibu kwamba wanachama wake wengi ni shule za serikali, kwa hiyo sheria ya nchi inayokataza serikali kuwabagua watu yakihusu nacho. Mwaka 1968 mahakama ya rufani ilikubali hukumu hiyo.

Mlango ulipofunguliwa, vijana waliingia na kushinda. Walichukua ubingwa wa jimbo katika mpira wa Kimarekani mwaka 1975, 1978 na 1979. Mwaka 1983 timu ya mpira wa kikapu, ambamo alichezea Avery Johnson, ilicheza mara 35 bila kushindwa hata mara moja.

SHAURI LA FIMBO

Si kila jambo la shule lilikubaliwa na wote. Tangu mwanzo wavulana waliokosa waliadhibiwa kwa kupigwa kibao cha mti. Wazazi wengi walipenda desturi hiyo, kama wasemavyo Waswahili, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mwaka 2011 Askofu Mkuu Gregory Aymond na wakuu wa shirika la mapadre walitaka ikome, wakisema kwamba kumpiga mtoto hakupatani na heshima yake. Wazazi na wanafunzi wa zamani walifanya mkutano, kisha wakaandamana kuitetea desturi yao. Walisema kwamba nidhamu hiyo ndiyo iliyowafanya watu.

Shauri lilikuwa gumu kwa sababu pande zote mbili ziliwapenda vijana. Mwisho wake kibao hakikurudi. Kenya ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo, kwa maana viboko vilikatazwa shuleni mwaka 2001. Tangu hapo mwalimu wa New Orleans na mwalimu wa Kenya wameulizwa swali moja: jinsi ya kumtia mvulana nidhamu bila kumpiga. Ile safari ya bendi ya mwaka 1967 yatoa sehemu ya jibu. Njiani siku ile hapakuwa na fimbo, wala mvulana hakuzuiwa kwa mkono wa mtu. Kilichowazuia ni mafundisho waliyokwisha kuyapokea moyoni.

MAFURIKO YA MWAKA 2005

Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iitwayo Katrina iliupiga mji. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na karibu sehemu nne katika tano za New Orleans zikafunikwa na maji. Shule nayo iliingiwa na maji, na wanafunzi wakatawanyika katika miji ya mbali.

Shule tatu za Kikatoliki za watoto Weusi zikafanya shauri pamoja: ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ya wasichana ya Xavier, na hii ya Mtakatifu Augustino. Mwezi wa Januari 2006 zilifungua shule moja katika majengo ya Xavier yaliyosalimika. Wavulana na wasichana walisoma pamoja, na wale wa darasa la mwisho wakamaliza masomo yao. Baadaye mwaka huo Shule ya Mtakatifu Augustino ilirudi mahali pake. Kama kila moja ingalisubiri peke yake, darasa zima la vijana lingalipoteza mwaka.

MATUNDA

Katika waliosoma hapa yumo Sidney Barthelemy, aliyekuwa meya wa New Orleans tangu 1986 hata 1994. Yumo pia mwanamuziki Jon Batiste, ambaye mwaka 2022 alipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Na barabara inayopita penye shule yaitwa kwa jina la A. P. Tureaud, wakili Mweusi aliyepigania haki ya watoto kusoma pamoja. Mvulana aendaye darasani kila asubuhi hupita juu ya jina hilo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini shule ilipeleka mashtaka mahakamani badala ya kufanya fujo?
2. Wavulana wa bendi walipata faida gani kwa kutojibu matusi?
3. Katika kijiji chako, mtoto mkosefu aweza kurudiwa kwa njia gani isiyo ya fimbo?
4. Shule za kwenu zaweza kusaidianaje siku ya mafuriko au moto?