Mwonyaji wa Usiku: Somo Kutokana na Mafuriko ya Mbale



Ndugu zangu katika imani, mada niliyopangiwa katika toleo hili ilikuwa tawakkul, yaani kumtegemea Allah (s.w.t.). Nimeomba ruhusa niisomeshe nikiwa nimesimama kando ya mto, kwa sababu huko ndiko nilikogundua kwamba nilikuwa sijaielewa.

Msimu wa mvua uliopita, jioni moja, nilipokea ujumbe kwenye simu. Ulisema mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo ya milimani mashariki mwa Uganda na wananchi wachukue tahadhari. Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nikausambaza kwenye kundi letu la WhatsApp, chini yake nikaandika dua ya mvua. Watu kumi na wawili wakaitikia "Amin". Nikala, nikalala.

Saa nane usiku maji yaliingia nyumba za bondeni, mwendo wa dakika kumi kutoka hosteli yetu. Mama anayetuuzia chapati na maharagwe anaishi huko. Alipoteza unga, jiko na mbuzi wawili. Mtoto wake wa miaka sita alitolewa kupitia dirishani na kijana wa bodaboda. Alhamdulillahi, usiku ule hakufa mtu mtaani pale. Asubuhi tulikwenda kumsaidia kutoa tope. Akaniuliza, "Mwanangu, ninyi wenye simu mlijua?"

Nikamjibu, "Tulijua, Mama."

Hakunigombeza. Aliendelea kuanika godoro.

Mimi ni mtoto wa upande wa pili wa mlima huu, Bungoma, nchini Kenya. Nilipokuja kusoma hapa, habari ya mwaka 2022 ilikuwa imeshakuwa hadithi ya kusimuliwa wageni. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha na mito ikavunja kingo zake, ukiwemo Nabuyonga unaopita katikati ya mji wa Mbale, na Namatala. Zaidi ya watu 20 walikufa, baadhi yao wakiwa ndani ya gari la abiria lililosombwa na maji. Maelfu walikosa makazi, na bomba kuu la maji likaharibika, hata mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Na hilo halikuwa la kwanza kwa Mlima Elgon. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya ardhi yalifunika kijiji cha Nametsi, Bududa. Oktoba 2018 mto Suume ulishusha mawe na tope huko huko Bududa. Novemba 2024 ilikuwa zamu ya Bulambuli. Mlima umetuonya kwa lugha yake mara nyingi.

Ni lazima tuelewe kwanza jinsi mafuriko ya ghafla yanavyofanya kazi, maana wengi tunayafikiria kama mafuriko ya ziwa, yale yanayopanda kidogo kidogo huku watu wakihamisha vitanda. Mbale imelala chini ya miamba ya Wanale. Mvua inaweza kunyesha juu kule kwa nguvu huku mjini pakiwa na manyunyu tu, au pakavu kabisa. Mteremko ni mkali, udongo umeshiba maji, miti imepungua, na chini kingo za mito zimejengwa nyumba na mitaro imezibwa na takataka. Maji hushuka kwa muda mfupi mno. Kwa hiyo anayesubiri kuona dalili kwa macho yake akiwa bondeni, dalili atakayoiona ni maji yenyewe.

Na nguvu yake tunaidharau. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani chini ya nusu ya goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo. Zikifika 60, magari mengi huchukuliwa. Usiku huwezi kupima kina, wala huwezi kujua kama daraja bado lipo chini ya maji hayo.

Sasa turudi kwenye ujumbe wangu. Ulikuwa wa kweli, na ulitumwa saa nyingi kabla. Kwa nini haukumfaa yule Mama?

Nilipata jibu nikijiandaa kwa mtihani wa tafsiri, katika Suratun-Naml, kisa cha sisimizi aliyeliona jeshi la Nabii Sulaiman (a.s.) likija bondeni. Wanazuoni wa balagha wameipenda sana aya ile ya 18 kwa namna ilivyokusanya mambo mengi katika maneno machache. Tuitazame kama tahadhari. Sisimizi yule aliwaita wenzake, wakajua kwamba wanaoambiwa ni wao. Akawaambia la kufanya: waingie. Akawatajia mahali: majumbani mwao. Akawaeleza hatari yenyewe, kupondwa, na inatoka kwa nani. Hata akamtolea udhuru Sulaiman na askari wake, kwamba watafanya hivyo bila kutambua. Ujumbe niliousambaza mimi ulisema "wananchi" na "tahadhari". Mwananchi gani? Wa mtaa upi? Aende wapi, saa ngapi, na kwa njia ipi isiyovuka mto? Kile kilikuwa ni utabiri. Tahadhari humwambia mtu la kufanya, na hiyo hatukuwahi kuitoa.

Ipo pia hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), katika Bukhari na Muslim, ambayo tumezoea kuisoma katika mlango wa kumfuata Mtume (s.a.w.). Alijifananisha na mtu aliyewajia watu wake akawaambia kwamba ameliona jeshi la adui kwa macho yake mawili, na kwamba yeye ni mwonyaji aliye uchi, basi wajiokoe. Wafafanuzi wanaeleza desturi ya Waarabu: aliyemwona adui kwa mbali alivua nguo yake na kuipunga, watu wakajua kuwa jambo si la mzaha. Kundi moja likamtii, likaondoka mapema usiku bila papara, likaokoka. Kundi jingine likamkadhibisha, likabaki mahali pake mpaka asubuhi, na jeshi likalivamia.

Najua mfano huu umepigwa kwa ajili ya dini na Akhera, na sidai kwamba Mtume alikuwa anazungumzia mto Nabuyonga. Lakini mfano haueleweki ila kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa likitokea katika maisha ya watu. Nami nasimama kwenye maneno mawili: mapema, na bila papara. Waliookoka hawakukimbia. Waliondoka wakati kukaa bado kulionekana kuwa salama, wakati jirani angeweza kuwacheka. Tahadhari inayofika wakati wa kukimbia imeshachelewa.

Mtu atasema haya ni matatizo ya nchi maskini. Tarehe 29 Oktoba 2024, katika jimbo la Valencia, Hispania, idara ya hali ya hewa ilikuwa imetangaza hatari ya kiwango cha juu kabisa, chekundu, tangu asubuhi. Ujumbe wa dharura kwenye simu za wakazi wote ulitumwa saa mbili na dakika 11 usiku. Wengi walikuwa tayari ndani ya maji, wengine kwenye magari, wengine kwenye maegesho ya chini ya majengo. Walikufa zaidi ya watu 220. Mitambo ilikuwepo na wataalamu walikuwepo, na siku nzima ikapita kati ya anayejua na anayepaswa kuambiwa.

Kwetu Uganda, sera ya taifa ya maandalizi ya maafa ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia wilayani kushuka chini. Nilikwenda kwa kiongozi mmoja wa mtaa, sitamtaja, kuuliza ni nani anayewaamsha watu usiku. Alinipokea kwa ukarimu, akaniambia kamati ipo. Nikauliza wajumbe ni akina nani. Akacheka kidogo, akasema mmoja amehamia Jinja. Simlaumu peke yake, maana sisi hatuna hata hiyo kamati ya kuhamia Jinja.

Tulicho nacho ni msikiti. Hapa ndipo fiqhi inaponishangaza. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamrisha muadhini, katika usiku wa baridi au wa mvua safarini, awatangazie watu wasali kwenye makazi yao. Na Ibn Abbas (r.a.), siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwambia muadhini wake aache kuwaita watu kwenye sala na badala yake awaambie wasali majumbani. Watu waliona ajabu. Akawajibu kwamba aliyafanya haya aliye bora kuliko yeye, na kwamba hakupenda kuwatoa watembee kwenye tope na utelezi.

Tafakari hapo. Adhana, wito wetu mkubwa kuliko wote, ilibadilishwa kwa sababu ya tope. Ikiwa maneno ya adhana yenyewe yamepewa nafasi ya kuwakinga watu na utelezi, itakuwaje tuone haya kuwasha kipaza sauti saa saba usiku kuwaambia watu wa bondeni wapande juu? Usiku ule, kipaza sauti cha msikiti wa karibu yetu kilikuwa kizima na umeme ulikuwepo. Ufunguo wa chumba chake ulikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa amesafiri kwenda harusini.

Wapo watakaosema: kilichoandikwa kitatokea tu. Ni kweli. Lakini hili liliulizwa zamani, Umar (r.a.) alipoamua kurudi na watu wake asiingie Sham yenye tauni. Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu. Kwenda juu mlimani nako kumeandikwa.

Nakiri kwamba dua niliyoiandika chini ya ujumbe ule ilikuwa nzuri, na ni Sunna. Tatizo ni kwamba niliitumia kama njia ya kumaliza jambo, nikalala nimeridhika.

Tangu hapo tumefanya machache. Tumetembea njia ya kutoka bondeni hadi uwanja wa shule ulio juu, tukakuta njia fupi inavuka mtaro mara mbili, kwa hiyo watu waelekezwe ile ndefu. Tumekubaliana na imamu maneno ya kutangaza, kwa Kiswahili, Kiganda na Kigisu: mto unakuja, tokeni sasa, pandeni shuleni kwa njia ya juu, msirudi kuchukua vitu. Asiwepo mtu wa kutunga maneno saa nane usiku. Imamu alisisitiza pia tangazo litolewe kwa ajili ya kila mkazi, Muislamu na asiye Muislamu, na tukaenda kuwajulisha wazee wa kanisa lililo jirani ili wasiposikia sisi, wao wapige kengele. Tuna namba ya ndugu mmoja anayeishi juu, upande wa Wanale, ambaye atatupigia anapoona mto umebadilika rangi na kuanza kunguruma. Yeye ndiye mwonyaji wetu aliyeona kwa macho.

Ufunguo wa pili wa chumba cha kipaza sauti umechongwa, uko kwa msimamizi wa hosteli ya wavulana. Zamu ya kukaa na simu iliyowashwa usiku, katika miezi ya mvua, ina nafasi nne ambazo hazijajazwa: mbili Jumatano, mbili Jumamosi. Hosteli ya wasichana bado haina mtu. Karatasi ya majina imebandikwa mlangoni mwa maktaba ya msikiti, na yule Mama wa chapati ameomba jina lake liwe la kwanza kupigiwa.